Kamera ya Baba Kwenye Dirisha la Kikatiti

Tangu nirudi mmekuwa mkipita dukani kwangu mmoja mmoja. Huyu kaleta suruali ya kupunguza kiuno, yule anauliza sare za shule wakati mwanawe alishamaliza zamani, na wote mnaishia kuniuliza kulikoni Arusha. Nimesimulia kwa vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kupishana, na juzi nilimsikia mtu sokoni akieleza safari yangu kwa namna ambayo hata mimi sikuitambua. Basi naandika mara moja, yote, na atakayemaliza kusoma ampe mwenzake.

Kwa mliohamia Tabora baadaye: baba yangu, Mzee Shabani, alikuwa na studio ya picha kule Ng'ambo. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, na mbele ilikuwa na ngozi iliyokunjwakunjwa, ya kuvutika na kurudi kama kinanda cha mkono. Baba alikuwa akijifunika kitambaa cheusi nyuma yake, ikabaki kuonekana miguu tu, na sisi watoto tukacheka. Nilipokuwa darasa la nne akapata kiharusi. Akiwa kitandani, kamera ikatoweka studio. Mlango haukuvunjwa, na ufunguo alikuwa nao msaidizi wake, kijana mmoja aliyeitwa Rajabu. Rajabu akafukuzwa mtaani kwa aibu, akarudi kwao Igunga. Baba hakukaa sana baada ya hapo. Nyumbani kwetu ilisemwa kwamba Rajabu ndiye aliyemuua, na mimi nilikua na maneno hayo kama mtu anavyokua na jina la ukoo.

Mwaka huu mpwa wangu Salma, anayesomea mifugo Tengeru, alinitumia picha kwenye simu. Yeye na wenzake walikuwa wametembelea makumbusho madogo ya kamera za zamani huko Kikatiti. Nyuma yao, dirishani, ilisimama kamera ya mbao yenye kiraka cheusi kwenye ngozi. Kiraka kile nakijua. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kutazama mahali palipounganishwa.

Nikaamua kwenda. Nilijiambia nitamkuta mtu aliyenunua mali ya wizi, nitambana mpaka amtaje Rajabu, kisha nitarudi na kamera ya baba. Kaka yangu Hamisi, mkubwa wetu, hakupendezwa hata kidogo. Alisema kamera za zamani zote zinafanana, na kwamba watu wa makumbusho wana maneno matamu. Aliponiona nakunja nguo akabadilika, akasema sawa, nenda, lakini ufikie kwa rafiki yangu Sefu, ana gereji Sakina, atakuongoza. Nilimshukuru.

Tabora hadi Singida

Nilikaa karibu na dirisha, mkoba nikaukumbatia mapajani. Ndani yake nilikuwa na picha moja ya baba akiwa amesimama kando ya kamera yake, huo ndio ushahidi wangu wote. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa na ndoo iliyofunikwa kitambaa. Alinikaribisha karanga. Nilikataa. Alizitafuna yeye mwenyewe taratibu huku akinitazama, kana kwamba ananionyesha kuwa hazina kitu, nami bado sikuzigusa. Mnanijua. Nikisafiri siwezi kula cha mtu nisiyemjua.

Hamisi alipiga simu tulipofika Nzega, akapiga tena kabla ya Igunga. Alitaka kujua kama nimeongea na mtu yeyote njiani. Nilidhani ananionea huruma kwa sababu nasafiri peke yangu.

Igunga basi lilisimama. Abiria walishuka kununua maji na mahindi, mimi nikabaki kitini nikiwatazama wazee waliokuwa stendi. Kila mwenye mvi nilimkagua. Huyu anaweza kuwa Rajabu, au yule mwenye baraghashia. Nilimkumbuka kijana mwembamba aliyekuwa akinibeba begani, na niliwatafuta wazee wale mabega. Basi lilipoondoka nilikuwa nimemchukia mzee mmoja aliyekuwa akiuza viberiti, bila sababu yoyote.

Singida nikaagiza kuku na wali, kwa kuwa kuku wa Singida wanasifiwa kote. Lililokuja ni paja refu lisilovunjika kwa meno. Nikamwambia mwenye mgahawa kwamba huyu si kuku wa leo. Akanijibu kwa upole kwamba ni kweli, huyu ni jogoo, na jogoo hana haraka.

Katesh, chini ya Hanang

Hapa ndipo nilipojiletea balaa. Mama wa ndoo alishuka Singida, na nafasi yake ikachukuliwa na baba mmoja mwenye koti la kijivu, msemaji. Aliuliza natoka wapi, naenda wapi, nina nini kwenye mkoba hata nisiuweke juu. Sikupenda. Nikamkata kwa kumwambia naenda msibani Moshi.

Alitikisa kichwa, akaniambia pole, akanyamaza. Nikashukuru moyoni. Karibu na Katesh mkanda wa injini ukakatika, basi likasimama kando ya shamba la ngano. Kondakta akasema ni suala la dakika chache. Jua lilihamia upande mwingine wa mlima Hanang tukiwa pale pale. Sote tulikuwa tumeshuka na kukaa kwenye nyasi, na yule baba akasimama katikati ya watu akaeleza kwamba miongoni mwetu kuna mama aliyefiwa, na kwamba kuchelewa huku kunamuumiza kuliko sisi.

Watu walinigeukia wote. Mama mmoja mlokole akanishika mikono akaanza kuomba, akaimba, wengine wakaitikia. Mtu aliniuliza marehemu ni nani. Nikasema baba. Lilinitoka hivyo hivyo, na nilipolisema machozi yakaja yenyewe, maana nilikuwa nimemfikiria baba safari nzima. Hakukuwa tena na njia ya kurudi nyuma. Walinipa kiti cha mbele, wakanipa maji, na njia yote kupitia Babati na Makuyuni kila aliyeshuka alinigusa bega akaniambia pole, Mungu akutie nguvu.

Arusha yule baba wa koti alitaka kunipeleka mwenyewe kwenye gari la Moshi asubuhi yake, akauliza nalala wapi ili anipitie. Ilibidi niingie choo cha stendi na kukaa humo mpaka nilipoona ameondoka. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba ni tapeli. Sasa naona alikuwa mtu mwema tu, na mwongo alikuwa mimi.

Sakina

Sefu alikuja kunipokea. Ni mtu mnene, mcheshi, mikono yake ina oili hata akivaa vizuri. Gereji yake iko kando ya barabara ya Nairobi, na malori ya Namanga yakipita vyombo vya mke wake vinatetemeka kabatini. Walinipa chumba kizuri, wakanilisha ndizi za nyama, sina cha kulaumu kwenye ukarimu.

Lakini asubuhi nilipovaa kwenda Kikatiti, Sefu akaniambia makumbusho yamefungwa. Mwenyewe amepelekwa Dar kutibiwa macho. Labda kesho. Kesho yake ikawa labda keshokutwa, na ile keshokutwa akasema hata ningeenda ningekuta kufuli. Mimi nilikaa barazani nikitazama mawingu yanavyoufunika Meru na kuufunua, nikijiuliza amejuaje habari za mtu anayeishi upande wa pili wa mji.

Kila mara simu yake ilipoita alitoka kwenda kuongelea nyuma ya lori moja bovu. Siku hiyo nilikuwa upande wa pili wa lori lile, naanika khanga. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini: bado yupo, nimemwambia kama ulivyosema, lakini huyu mama hachoki.

Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Mwenye makumbusho amepata habari kwamba naja. Anajua kamera ni ya wizi, amejificha, na amemweka Sefu sawa ili anicheleweshe mpaka aihamishe. Sikumwambia Hamisi chochote, nisimtie wasiwasi. Asubuhi nikamwambia mke wa Sefu naenda mjini kutafuta nyuzi, nikaondoka na mkoba wangu.

Tengeru, kisha Kikatiti

Salma nilimkuta Tengeru, pembeni ya soko, katikati ya mafungu ya karoti na kabichi. Alikuwa na mtihani mchana, hakuweza kunisindikiza. Nilipomwambia makumbusho yamefungwa alishangaa, akasema darasa lake limerudi huko wiki hii hii, na yule mzee yupo, mzima, na macho yake yanaona hata vumbi kwenye lenzi. Alinielekeza nishuke Kikatiti na kuulizia kwa mzee wa kamera.

Dereva wa bodaboda alimjua. Nilimuuliza ni mtu wa namna gani. Akafikiri, akasema ni mzee mzuri ila haamini watu. Hilo likanithibitishia kila kitu. Mtu mwenye mali halali, nilijiambia, ataogopa nini?

Tuliingia barabara ya vumbi kati ya mahindi na migomba, tukafika kwenye jengo dogo lililokuwa duka zamani, lenye milango ya kijani na nondo nene madirishani. Juu ya mlango mtu aliandika kwa mkono, kwa rangi nyeupe: MAKUMBUSHO YA KAMERA, BISHA HODI. Na pale dirishani, nyuma ya nondo, jua likiipiga, ilikuwepo.

Sikubisha mara moja. Nilisimama nikiitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliye rumande.

Mwenye makumbusho, Mzee Aminieli, alifungua nusu ya mlango. Ni mrefu, amevaa sweta na tai, na kwanza aliutazama mkoba wangu kabla ya kunitazama usoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia mikoba inabaki nje. Nikasema wangu haubaki. Akasema basi na wewe utabaki nao hapo hapo. Tukasimama hivyo, yeye ameshika mlango na mimi nimeshika mkoba, mpaka mkewe alipotoka jikoni. Huyo anaitwa Mama Naomi. Alileta kiti, akakiweka kizingitini nusu ndani nusu nje, akasema mkoba ukae pale, kila mtu auone. Tukakubali.

Kisha wakaanza kuongea Kimeru wakinitazama. Mimi sijui neno la Kimeru. Mzee anasema, mama anajibu kwa ukali, mzee ananinyooshea kidole. Nilijua wanapanga jinsi ya kunitoa. Mwishowe Mama Naomi akanigeukia kwa Kiswahili akaniambia mume wake hataki mgeni ale kabla hajamaliza kuonyesha kamera, kwa sababu anaogopa mikono yenye mafuta, lakini yeye haoni vizuri mtu atoke mbali akae na njaa. Akaniletea bakuli la loshoro, yaani mahindi na ndizi vilivyopikwa na kupondwa, na maziwa mgando juu. Nililinusa. Nikaomba kijiko kingine, nikamwomba aonje kwanza. Mama Naomi akacheka mpaka akakaa, akaonja, na mimi nikala. Lilikuwa zuri, nalitamani hata sasa.

Nilinawa mara mbili. Mzee aliikagua mikono yangu.

Ndani ya makumbusho

Chumba ni kimoja, na rafu zimejaa mpaka dari. Mzee Aminieli alikuwa mpiga picha mjini Arusha maisha yake yote, na studio za wenzake zilipokuwa zikifungwa moja moja yeye aliokota kilichobaki. Kuna visanduku vyeusi vya kushika kifuani na kuinamia, kuna zenye macho mawili, kuna zenye sahani ya taa kubwa pembeni ambayo balbu yake iliungua kila picha, kuna ile ya kutema picha papo hapo ambayo vijana waliipenda kwenye harusi. Kila moja ina karatasi chini yake yenye jina la aliyekuwa akiitumia na mji wake. Nilizisoma zote, polepole, kama mgeni wa kawaida, mpaka nikafika dirishani. Karatasi ya pale ilisema: Tabora.

Nikamuuliza mbona hii haina jina la mtu. Akaniuliza mimi ni nani.

Nilimwambia. Nikatoa picha ya baba, nikamwekea mezani, nikasema kamera hii iliibwa na nimekuja kuichukua. Hakushtuka. Alikaa, akaitazama picha bila kuigusa, kisha akanieleza kwamba mimi si wa kwanza. Kuna bwana alikuja akilia, akasema kamera fulani ilikuwa ya babu yake, naye akaonyesha picha. Mzee akampa. Baadaye aliikuta imewekwa kwenye hoteli moja ya watalii kama pambo, na chupa ya maua imesimamishwa juu yake.

"Picha kila mtu anayo," akasema. "Na kiraka umekiona dirishani. Niambie kitu ambacho mimi peke yangu ninakijua, kisichoonekana."

Nilikasirika. Nimetoka Tabora, nimeombewa njiani kwa msiba wa uongo, na sasa mnunuzi wa mali ya wizi ndiye ananihoji. Lakini nilifumba macho nikajaribu kuiona ile studio. Pazia. Benchi. Watoto wadogo wanaolia, na baba anatoa kichwa kwenye kitambaa.

"Chini ya ubao, mbele, kuna tundu dogo," nikasema. "Baba alikuwa anachomeka unyoya wa jogoo, watoto wautazame wasilie."

Mzee Aminieli aliinuka. Aliishusha kamera dirishani kwa mikono miwili, akailaza ubavu juu ya meza, akapitisha kidole chini ya ubao. Kidole kikasimama.

"Nimejiuliza tundu hili ni la nini tangu nilipoinunua," akasema. Akaniambia nikae.

Ndipo akanisimulia. Alikuwa kijana, amekwenda Tabora kumtembelea shemeji yake aliyekuwa akifanya kazi reli, na alikuwa akiulizia kamera za mbao kwa sababu wengi walishaanza kuzitupa. Akiwa nyumba ya wageni akafuatwa na mtu aliyebeba kitu kizito ndani ya shuka yenye maua ya bluu. Alisema baba yake ni mpiga picha, amepooza, hatafanya kazi tena, na familia inahitaji dawa.

Nikamkatiza. Nikamwambia huyo ni Rajabu, alikuwa msaidizi, alijifanya mtoto.

Mzee akatikisa kichwa. Hakujua jina lake. Alichokumbuka ni kwamba walipomaliza, yule kijana alitaka kuifunga tena ile shuka kwa ajili ya safari, na hakuweza kukaza fundo, ikabidi wasaidiane. Kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, kilikuwa hakina kipande cha juu.

Nilijua mnyororo wa baiskeli uliokata kile kidole, na nilijua aliyekuwa akilia siku ile. Nikaikumbuka na shuka, na jinsi mama alivyoitafuta kwenye kamba. Nikakumbuka pia baiskeli mpya ambayo Hamisi alikuja nayo siku zile akasema ameazimwa na rafiki.

Simu yangu ikaita. Alikuwa yeye. Niliiweka mezani, sauti juu, sijui kwa nini, labda nilitaka mtu mwingine asikie ili nisije kujidanganya baadaye.

"Tatu, uko wapi? Sefu anasema umetoroka."

Hapo ndipo nilipojua nyuma ya lori lile Sefu alikuwa akiongea na nani.

"Niko Kikatiti," nikamjibu. "Nimekaa na mzee aliyeinunua kamera. Anasema aliyemuuzia hakuweza kufunga fundo."

Nikasikia cherehani za dukani kwangu nyuma yake, alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

"Ilikuwa dawa ya baba," akasema.

"Na baiskeli?"

Alisema nirudi tuongee nyumbani, kisha akasema, kama anayejitetea mbele ya hakimu: "Sikumsingizia Rajabu. Mama ndiye aliyemtaja. Mimi nilinyamaza tu."

Nilikata simu. Mzee Aminieli alikuwa amegeukia rafu, anafuta kamera ambayo ilikuwa safi tayari. Baadaye akasema alinunua kwa nia njema, lakini sasa anajua mwenyewe hakumuuzia, kwa hiyo nikitaka niibebe. Mama Naomi akaanza kutafuta shuka ya kuifungia.

Niliwaambia waiache kwanza. Nilikuwa nimekuja kuidai kwa jina la familia yangu, na familia yangu ndiyo iliyoiiba. Kuna mtu mmoja aliyelipia kamera ile kuliko sisi wote, na sikujua hata kama yu hai. Mzee akairudisha dirishani penye mwanga, nikaipiga picha kwa simu, nikaondoka.

Igunga, njiani kurudi

Sikurudi Sakina. Nililala kwa Salma, na asubuhi nikapanda basi la kurudi. Safari hii nilikula karanga nilizopewa.

Nilishuka Igunga na kuuliza sokoni kama wanamjua mtu aitwaye Rajabu aliyewahi kufanya kazi ya picha Tabora. Wa picha hawakumjua. Walimjua Rajabu fundi viatu. Nilimkuta kwenye kona ya soko, amekaa kwenye kigoda chini ya turubai, na wateja wamemzunguka kila mmoja amevua kiatu kimoja. Mabega yake yalikuwa yale yale.

Nilimwamkia. Alipouliza mimi ni mtoto wa nani nikamjibu, wa Mzee Shabani, Tabora. Sindano ikasimama ndani ya soli.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Nilisema sijatumwa. Hakuamini. Aliuliza ninataka nini, kama kuna mtu amekufa, kama nimekuja na polisi. Alitazama nyuma yangu. Mimi, niliyewakagua wazee wa stendi ile ile siku chache tu nyuma, nilisimama juani nikikaguliwa, na nikaona ni haki yake. Nikamweleza yote nikiwa wima. Nilipofika kwenye kidole alitikisa kichwa taratibu, si kwa mshangao.

"Mimi nilisema siku ile ile," akaniambia. "Nilisema mbele ya wazee wa mtaa, Hamisi aliniomba ufunguo. Mama yako akaniambia nisimtupie mtoto wake uchafu wangu. Nilipofika hapa Igunga habari ilikuwa imeshafika. Hakuna aliyenipa kamera tena maishani."

Nilimwonyesha ile picha kwenye simu. Aliifuta mikono kwanza, akaisogeza mbali na macho, akaitazama muda mrefu. Kiraka kile alikishona yeye, akasema, kwa ngozi ya kiatu cha baba. Kisha akakunja uso.

"Huyo mzee ameiweka dirishani? Ngozi itapasuka kwa jua. Mwambie aitoe hapo leo."

Nikampigia Mzee Aminieli pale pale. Walizungumza wao wawili kwa muda, mambo ya mafuta ya kupaka ngozi na bawaba zilizolegea, nami nikakaa pembeni na wateja. Aliponirudishia simu nilimuuliza kama anataka iletwe kwake. Akasema ikae huko, inatunzwa, ila kwenye ile karatasi liandikwe jina la Mzee Shabani na jina la Rajabu. Kisha akashika tena kiatu.

"Hamisi yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi wewe umefanya yako. Aje yeye."

Tabora

Hamisi alinisubiri stendi. Alitaka kunipokea mkoba, nikaubeba mwenyewe. Tulipofika barazani nikampa ujumbe wa Rajabu kama ulivyokuwa. Alijitetea kidogo. Alisema baba aliinywa dawa ile, na hilo naliamini. Alisema alikuwa mdogo, nikamwambia Rajabu naye alikuwa mdogo.

Alikwenda baada ya siku kadhaa, na aliporudi mliona wenyewe jinsi alivyopita mtaani bila kuamkia mtu. Wengine mlisema kapigwa. Hakupigwa. Nilimpikia, nikamwacha ale, kisha nikamuuliza imekuwaje.

Alisema Mzee Rajabu alimpa kigoda, akamwambia asimulie. Akasimulia. Mzee aliendelea kushona. Akaja mteja, akavua kiatu, akakaa, na mzee akamwambia Hamisi, rudia, huyu hakusikia. Akarudia. Akaja mwingine.

"Ilikuwa siku ya soko," kaka yangu akasema. "Kila aliyeleta kiatu."